Utamu Usiojua Kuaga

Mama Tumaini wangu,

Kamwene. Najua hutaitikia, lakini nimezoea kukusalimu kabla sijanawa uso, na mazoea yana taabu. Hapa Igowole ukungu haujaondoka tangu jana. Mahindi tumevuna, paa la jikoni limezibwa, na yule jogoo wako mgomvi bado ananifukuza kama mwizi. Mimi nipo. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa mno.

Nakuandikia kwa sababu ya vile vidonge vya kutia utamu kwenye chai. Unakumbuka ulipoambiwa una kisukari, ukaninunia kana kwamba nimekuletea mimi? Daktari akakukataza sukari, Tumaini wetu akakuletea kile kikopo kidogo kutoka Mbeya. Nami nikaacha sukari, nikatia kidonge kama wewe, ili usinywe peke yako. Ukanicheka: "We Baba Tumaini, na wewe umeanza kuumwa lini?" Lakini nilikuona ulivyofurahi. Utamu wenyewe hukuupenda. Ulisema unabaki ulimini chai ikishaisha, kama mgeni asiyejua kuaga.

Tangu tukuzike nimeendelea navyo. Asubuhi kidonge, jioni kidonge. Chai ikiisha nakaa nikiusikilizia ule utamu unavyobaki, naona kama bado upo kwenye kiti chako.

Sasa Tumaini alikuja likizo, na simu yake mkononi. Amesoma kwamba utamu huu wa kutengenezwa unatiliwa shaka, kwamba ukiutumia miaka mingi huenda moyo ukadhurika, na kwamba umo hata kwenye soda na juisi tunazowanunulia wajukuu. Akawa ananihimiza, "Soma chupa, baba, soma chupa." Mimi habari ya soda sikuisikia. Nilisikia moja tu: je, ndivyo vilivyokuua? Maana kila asubuhi ni mimi niliyekutilia kwenye kikombe. Nililia shambani, mke wangu, nimeinama katikati ya michai ili wachumaji wasinione.

Nikaenda kwa daktari wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki. Akasema, "Mzee wangu, kilichomchukua mama ni kisukari, kilishafika kwenye figo. Usijibebeshe hilo. Kwake yeye vidonge vilikuwa afadhali kuliko sukari." Nikashusha pumzi. Ndipo akaniuliza, "Ila wewe huna kisukari. Unavinywa vya nini?"

Ningemwambiaje kijana yule kwamba nikiviacha, nitakuwa nimekuacha na wewe?

Vilivyobaki nilimpa Tumaini akavitupe, halafu nikamfuata mpaka jikoni kumwomba kikopo. Akanirudishia kikiwa kitupu. Jana, yeye akiwa amesharudi Mbeya, nilichemsha chai nikaimimina bila kutia kitu. Sisi tumechuma chai tangu ujana wetu, na sikuwahi kuionja yenyewe. Kwanza sukari, kisha vidonge. Chungu, mama! Inakwaruza koo. Nikameza, nikangoja. Ulimini hakukubaki utamu wowote. Niliogopa, sikufichi. Kisha nikajisikia nikisema kwa sauti, "Mama Tumaini, kumbe miaka yote tunalima kitu kichungu hivi!" Nikageukia kiti chako, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Basi nikajua hukuwa ndani ya kikopo.

Upweke haujaisha. Jioni ndiyo mbaya zaidi, jogoo akishalala. Lakini nakuahidi nitainywa hivi hivi, na soda za wajukuu nitazisoma kabla ya kuzinunua, hata wakininunia kama bibi yao.

Pumzika, mke wangu. Siku ukiniona nakuja, bandika chai. Usitie kitu.

Mumeo,
Baba Tumaini