Karatasi ya Ubongo wa Halima

Dada Zaina,

Ningeanza na shikamoo, lakini najua ungenicheka. Ulikuwa ukisema nikikuamkia kwa adabu basi kuna kitu nakitaka. Kweli nakitaka: nikusimulie nilichokiona Dar es Salaam, maana tangu nirudi huku Mtae watu wananisikiliza huku wakitazama pembeni.

Halima ni binti yangu, hukumkuta. Ana miaka saba, na mwaka huu ameanza kifafa kama chako. Alipoanguka mara ya kwanza, Mama alimtengea sahani na kikombe chake, vilevile alivyokutengea wewe, akanikataza kumgusa akitoka povu. Ulipoangukia mafigani, moto unawaka, nilikuwa na miaka kumi, nimesimama karibu kabisa, ningeweza kukuvuta mguu. Mama akanishika, akasema mate yako yataniambukiza. Nami nikabaki nimesimama. Nisamehe. Sijawahi kumwambia mtu.

Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa tuna zahanati, na mganga wake aliniambia kuna daktari Dar es Salaam anafanya utafiti wa kifafa. Balozi wetu wa nyumba kumi akaniandikia barua, nikambeba mtoto tukashuka na basi.

Walimpaka Halima dawa nzito kama uji kichwani, wakamgandisha nyaya nyembamba za mashine ya kupima ubongo, akawa kama hindi lenye ndevu zake. Mwenyewe anacheka. Halafu kalamu zikaanza kuandika zenyewe juu ya karatasi inayotembea. Hakuna mkono, Dada! Fundi wa mashine akamwambia afumbe macho, mistari ikawa mawimbi mapana, ya taratibu. Akafumbua, ikajinyoosha. Nikaomba warudie. Wakarudia mara tatu kwa ajili yangu, mtu mzima nimejishika mdomo. Nimemzaa mimi, namwogesha kila siku, na sikujua kichwani mwake mnafanyika kazi yote ile.

Mara kalamu zikaruka, zikachora miba mirefu, miba tupu. Halima alikuwa ametulia, macho tu yamemkodoka, kisha akarudi na mistari ikarudi. Daktari akaweka kidole palepale.

"Kifafa ndicho hiki, mama. Kinaanzia kwenye ubongo. Mate hayana kosa lolote."

Nililia mbele ya wale watu bila aibu. Nilikuwa nawaza kichwa chako, kwamba nacho kilikuwa na mawimbi yake mazuri siku zote ulizokuwa unakula peke yako.

Daktari akanipa vidonge, na kipande cha ile karatasi. Mama siku hizi anasoma elimu ya watu wazima, hapitwi na maandishi. Alikitandika mezani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaniuliza, "Mate yameandikwa wapi hapa?"

Nikamwambia hayapo. Akakikunja, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Ijumaa asubuhi nilikuwa natoka kuchota maji nikasikia kilio uani. Nikatupa ndoo. Nilimkuta Mama amekaa chini kwenye vumbi, Halima yuko mapajani mwake, na anamfuta povu kwa kanga aliyojifunga. Anamfuta mdomo, anamfuta shingo, na anamwita jina lako. Zaina, Zaina mwanangu. Sikumsahihisha.

Mtoto alizinduka akaomba chai. Tangu siku ile wanakula sahani moja, na Mama ndiye anayenikumbusha vidonge.

Pumzika, Dada yangu. Halima nitamshika kila atakapoanguka, hilo nakuahidi. Na kuna jambo jingine. Jana Mama aliniuliza kama mzazi anaweza kumwomba radhi mtoto wake kaburini. Nilimwambia sijui, lakini Jumapili nitamleta.

Mdogo wako,
Rehema