Ukurasa wa Sita

Koivula, Jumatatu, 5 Februari

Kaka yangu mpendwa Taisto,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepungua maumivu, na wifi yangu Marketta hajambo. Mwambie soksi alizonifumia nimezivaa wiki nzima. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenihama. Theluji huku imefika kwenye madirisha, na najua kwenu Kainuu ni zaidi.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Hatujaandikiana tangu tulipomzika Mama. Lakini Alhamisi uliponipigia ulizungumza peke yako dakika ishirini, jambo ambalo sijapata kuliona tangu nikujue, nami nikawa naitikia ehe, ehe, mpaka ukakata. Nikabaki nimesimama jikoni na kahawa inaungua. Kuna jambo nilipaswa kukuambia palepale, nami sikukuambia. Nakuomba uisome barua yote kabla hujanyanyua simu, na kabla ya mkutano wa baraza la mji Jumatano ya wiki ijayo.

Uliyoniambia sijayasahau hata moja. Ulisema fundi wa halmashauri amepanda juu ya ukumbi wa barafu unaoutunza na kukuta sahani za misumari, yale mabamba ya chuma yanayounga kenchi ya tatu inayobeba paa, zimeanza kung'oka kwenye mbao. Ulisema umeendesha mashine yako ya kulainisha barafu chini ya kenchi hiyo tangu Oktoba, na kwamba mjukuu wako Iida hukaa golini hapohapo kila Jumanne kwenye mazoezi ya magongo ya barafuni, na wenzake kumi na tisa uwanjani. Hapo sauti ilikukatika kidogo, ukajifanya unakohoa. Kisha ukamgeukia mwanafunzi wangu Niilo. Eti yule mhandisi wa chaki alikaa kwenye chumba chako cha mapumziko, akala mikate minne ya iliki aliyooka Marketta, halafu akaenda kuandika kuwa paa liko katika hali ya kuridhisha. Ukaapa kuwa utasimama mbele ya baraza useme kijana huyo asiruhusiwe kukagua hata kibanda cha mbwa.

Nilikusikia, na kila neno lilinichoma, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Kazi yangu umeitania siku zote. Kwenye harusi ya mwanao Santeri uliwaambia wageni kuwa dada yako analipwa kuwafundisha Wafini, watu wazito wa maneno, kuongea, na kwamba ni afadhali angefundisha samaki kupanda ngazi. Nilicheka pamoja nao. Lakini mimi kazi hii naiamini. Nawafundisha wahandisi watarajiwa kwamba ripoti yao itasomwa na mtu aliyechoka, ameshavaa koti, anataka kwenda nyumbani, kwa hiyo jambo zito liwe mstari wa kwanza. Nawafundisha kuondoa nadhani, nahisi na labda. Miaka kumi na tano nimefyeka maneno hayo kwa kalamu nyekundu, na najua kuwa nikigeuka ubaoni wananiita Mkasi.

Niilo Haataja yuko mwaka wa mwisho. Kwao ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na yeye ni mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabu. Nikiuliza darasani kama kuna maswali, wenzake wote hutazama viatu vyao, yeye hutazama dirishani. Mwaka jana kila mwanafunzi alitakiwa kukagua jengo la kweli na kumwandikia mwenye jengo ripoti. Mimi ndiye niliyempeleka kwako, kwa kuwa nilijua utampokea vizuri.

Kuna jambo ambalo naona hukuambiwa. Ile tufani ya theluji ya Januari ilipopiga, Niilo ndiye aliyewapigia simu halmashauri. Alipiga mara tatu. Mara mbili walimwambia ripoti yake mwenyewe inasema paa ni zima, asiwapotezee muda. Mara ya tatu aliwaambia hatakata simu mpaka mtu apande, na kwa kijana ambaye kuagiza kahawa tu kunampa jasho, hiyo si kazi ndogo. Ndipo fundi akapanda, ukumbi ukafungwa. Sasa ameitwa barazani aeleze kwa nini alilolijua Januari hakuliandika Oktoba. Wakiona alificha, chuo kitamzuia kuhitimu, na imebaki miezi mitatu tu.

Ijumaa nilimwita ofisini nikamuuliza atawajibu nini. Alitazama viganja vyake, kisha akasema, "Mwalimu, ripoti ina jina langu." Basi. Alivaa kofia yake akatoka, akaufunga mlango taratibu kana kwamba kuna mgonjwa amelala ndani.

Kaka, rasimu yake ya kwanza ilikuwa na jambo hilo. Lilikuwa ukurasa wa sita. Aliandika kwamba alipopanda ngazi karibu na kenchi ya tatu alisikia mbao zikilia, akaogopa. Aliandika kwamba hana kifaa cha kuthibitisha, na akaomba mtu mwenye kifaa apande kabla theluji haijaanza. Nilipitisha kalamu nyekundu juu ya maneno hayo yote. Pembeni nikaandika, "Mhandisi haogopi, anapima. Ondoa." Na kwa kuwa hakuwa na kipimo cha kupinga, nikamwambia aandike kwamba hali ni ya kuridhisha.

Nilimuuliza kama amenielewa. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema sawa. Wewe unaijua sawa ya namna hiyo. Ndiyo ile ya Mama siku Baba alipomwambia anauza mashua. Kwetu sisi, mtu akinyamaza kiasi kile ndipo aseme sawa, amekukatalia. Nimelelewa nyumba moja nawe, Taisto. Niliisikia na nikaielewa. Lakini ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na rasimu thelathini mezani, nikaamua kuichukua kama sawa ya kawaida. Ripoti yake nikaipa alama tano, ya juu kabisa, na tangu hapo nimekuwa nikiwaonyesha madarasa mengine ili waige.

Iida alikuwa golini Jumanne zote hizo. Silitoi jina hilo kichwani.

Na ubaya wangu haukuishia hapo. Nakala yenye wino wangu ni moja tu, na ninayo mimi. Jumamosi nilipokuwa nawasha sauna ya kuoga kwa mvuke niliingia nayo, nikakaa mbele ya mlango wa jiko lake la kuni nimeipakata magotini. Niliwaza miaka kumi na tano, niliwaza jina la Mkasi likigeuka kuwa kitu kingine. Nilikaa mpaka moto ukaanza kufifia. Mwishowe nikaongeza kuni, nikarudi nayo ndani, na mpaka leo siwezi kusema ni kwa nini.

Ukurasa huo wa sita nimeutia ndani ya bahasha hii. Tiketi ya treni ya Jumatano hiyo ninayo, na nia yangu ni kusimama barazani niseme kwa mdomo wangu. Ila nina nia hiyo tangu Alhamisi na bado sijamwambia mtu, wala Niilo. Kwa hiyo ukiniona nimesimama pale natazama viatu vyangu, wewe usome. Soma maneno yake, kisha soma na yangu ya pembeni. Na hasira zako nigeuzie mimi, hata ukininunia miaka.

Mwanafunzi akiniletea barua kama hii ningemrudishia. Ningemwambia jambo zito limefika mwishoni, msomaji ameshavaa koti. Mstari wa kwanza ulipaswa kuwa huu: Niilo aliogopa kwa ajili yenu, akaandika, nami nikamkata. Lakini nilipokaa kuandika nilijikuta naanza na goti lako.

Nisalimie Marketta na Santeri. Nisalimie Iida, mwambie bibi yake Outi anakuja, na akinikuta mlangoni anikumbatie kabla hujamweleza lolote.

Naogopa, kaka. Neno hilo safari hii silikati.

Ni mimi mdogo wako,
Outi