Alichojibu Binti Yangu Saluni

Shoga, uko? Usinipigie, nalia.

Leo dawa ya nywele imemchoma mteja, yule mwalimu mpole wa chekechea. Tulinogewa na umbea tukamsahau. Alilalamika inamuunguza, tukacheka: "Vumilia kidogo, bibie, utatoka mrembo!"

Namuosha, nywele zikabaki mkononi. Mkononi mwangu, shoga!

Akauliza, "Si niliwaambia inaniunguza?" Wasusi wangu wakadakia, "Hukusema kitu!" Na mimi nikajifanya nakunja taulo.

Akamgeukia binti yangu, aliyekuwa chini anachezea vibanio. "Mwanangu, wewe ulinisikia, sivyo?"

Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Hapana, mwalimu. Hukusema."

Mwalimu wake, shoga! Aliyemfundisha kushika penseli! Yule dada akajifunga kitambaa, akatoka.

Wasusi wakampigia binti makofi, wakamnunulia soda. Soda, kwa kusema uongo!

Tumefika nyumbani sasa hivi. Namvua viatu, akaniuliza anatabasamu kabisa: "Mama, na mimi sasa ni wa saluni, eh?"

Nimejifungia chooni nakuandikia. Yuko mlangoni, anasubiri nimjibu.