Kiganja cha Baba

Rosario, Jumapili

Kaka Nazareno,

Hatujambo. Mzabibu wa uani umezaa mpaka majirani wanabisha hodi. Baba sasa hasikii hata kidogo, lakini karakanani bado hamwachii mtu ile mashine ya kusaga matundu. Unajua tena, jiwe la kusagia likishaingia ndani ya tundu la chuma hulioni; mlio ukififia ndipo ujue limemaliza. Basi siku hizi anaweka kiganja juu ya mashine, anafumba macho.

Jana Basilio, yule dereva wa lori, alileta gia tumsagie tundu lake. Akamtazama baba, akasema, "Ercilia, mzee anaibariki hiyo mashine au anaibembeleza ilale?"

Nilikuwa nimeiegemea mashine hiyohiyo. Nikacheka, kaka. Nikacheka hadi mabega yakatikisika, maana nilijua hasikii.

Baba akalitoa jiwe, akapima tundu. Lilikuwa sawasawa. Basilio alipoondoka, akafuta mikono bila kunitazama.

"Siku nyingine ukitaka kunicheka, mwanangu, usiegemee mashine."

Leo nimekuta ameniwekea zabibu mezani, kaziosha kabisa. Sijazigusa.

Mdogo wako asiyejua aufiche wapi uso wake,
Ercilia