Bahari wa Zizini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, anagombana na kuku tu. Unauliza kama mwanao aitwe Bahari, wakati kwetu Manyoni hakuna bahari.

Nilipokuwa kijana nilirudi kutoka Tanga na maji ya bahari kwenye chupa, nimwonyeshe baba. Akaonja, akatema, akafurahi: "Kumbe ni chumvi ya ng'ombe!" Akayamwaga yote kwenye majani ya fahali wake. Kuanzia hapo fahali akawa ananifuata kila mahali, akinilamba mifuko. Baba akamwita Bahari, na mpaka leo fahali bora zizini hupewa jina hilo.

Kwa hiyo mpe mtoto, ni jina la heshima. Ila mkija, nikiita "Bahari!" mbebe haraka, maana atakayekuja mbio ana pembe.

Babu yako