Jina Yangu Katika Maombi ya Beatrisi

Kampemba, Lubumbashi

Yaya yangu Martina, dada yangu mukubwa,

Jambo sana kule Pweto. Mulilala muzuri? Na ile kikohozi yako, iliisha ao ingali inakusumbua? Siye huku tuko bazima. Samaki ya kukauka yenye ulituma ilifika, nyumba yote ikanukia ziwa. Muke wangu Beatrisi aliipika mara moja tu, kiisha akapeleka nusu kwa bafungwa.

Njo mambo yenye kunichoma, Yaya. Niko na wivu. Ingekuwa juu ya mwanaume fulani, ningemujua, tungepigana. Mimi niko na wivu ya bantu ya kasho, chumba ya bafungwa kwa polisi! Beatrisi na bamama ya shirika yetu ya kanisa banaendaka komisaria ya polisi kila magaribi. Banapiga magoti inje ya ukuta, banasali rozari, banaita kwa sauti jina ya kila muntu mwenye kufungwa bila kosa. Hata jirani yetu mwislamu, Mama Zaina, eko pale na tasbihi yake. Banasema jina ikisikika inje, polisi banaogopa kumupoteza muntu. Na kweli, bamoja balitoka.

Lakini nyumbani pia, tukisali mbele ya kula, ni bale bale: Ilunga, Kasongo, Musafiri. Bukari inapoa kwenye sahani. Jina yangu, hata siku moja! Nikamuuliza: "Na mimi, bwana yako?"

"Weye uko huru, uko na mudomo. Jiombee."

Yaya, nilikasirika sana. Kesho yake nikamufuata kule, nikamushika mukono katikati ya Salamu Maria, nikapiga kelele: "Twende nyumbani! Hawa bafungwa njo babwana bako?" Polisi akatoka, akasema navuruga utulivu. Bamama bote balikuwa pale, njo mimi peke yangu nikakamatwa!

Mule ndani hakuna pa kukaa. Kijana mumoja akasimama, akanipa nafasi yake. "Ikala, Papa. Sasa hivi batatuita." Ni yeye Ilunga, mwenye nilikuwa namuchukia bila kumuona. Balimufunga juu aliuliza sababu gani balibomoa nyumba ya mama yake.

Rozari ikaisha, sauti ya Beatrisi ikapita ukuta. Kila mwenye kuitwa akajibu polepole: "Niko." Jina yangu ilikuja ya mwisho kabisa. Nikajibu, nikalia, na wivu ikabaki palepale: juu ya nini ya mwisho?

Baliniacha asubuhi. Ilunga angali mule. Na Beatrisi, tangu nitoke, hajanitaja tena! Basi jana, mbele ya kula, nikamutangulia, nikaita "Ilunga" mimi mwenyewe. Akafungua jicho moja, akaniangalia vile hakuniangaliaka tangu ndoa. Leo tunaenda kule babili, na sitaki muntu mwingine aite ile jina mbele yangu.

Unisalimie shemeji mwenye kushona nyavu, na Mama Mukubwa, dada ya mama yetu, na miguu yake yenye kuuma.

Ukisali leo, Yaya, unitaje. Lakini anza na Ilunga.

Mudogo wako,
Fidele