Redio Dirishani, Mama Nyuma ya Kihenge

Jumamosi, 1 Novemba 1975
Ugali umeungua tena. Kisa redio. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nasikiliza habari, nikasahau sufuria. Baba Bwire amekula vile vile, masikio yote kwa msomaji. Mwaka jana angenuna mpaka kesho yake.

Niseme tu, naipenda hii redio. Tangu tuinunue baada ya kuuza pamba, mume wangu hajaonekana kilabuni. Alikuwaga anarudi anaimba njia nzima, aibu naona mimi. Siku hizi jua likizama yuko kwenye kigoda chake, watoto wamemzunguka, anawaeleza Angola iko wapi. Hajui iko wapi. Lakini anaeleza.

Ubaya wake: hakuna anayeongea na mwenzake. Nauliza nani amefunga ndama, wote wananiambia shhh. Mimi, mama yao!

Mwalimu mkuu anasema Kisumu kuna redio zenye kioo, unamwona msomaji na uso wake. Mungu apishe mbali. Zikifika hapa nani atashika jembe? Ila ningependa kuiona, hata mara moja.

Jumapili, 2 Novemba
Uwanja wetu umejaa wasikilizaji tena. Nyasi zote zimekanyagwa.

Mama yangu naye alikuja. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa nyumba yake na yangu zinatazamana. Zamani kufika kwake Buswahili ilikuwa safari. Nashukuru. Tatizo ni ukwe. Kwetu mama hamtazami mume wa binti yake usoni, haingii nyumbani mwake, hasemi naye, hata jina lake halitamki. Sasa redio ya mkwe ataisikiaje?

Baba Bwire ndiye alipata akili. Ameiweka dirishani, uso wake nje. Mama anakaa nyuma ya kihenge cha mtama, mgongo ameugeuza huku. Anasikia kila kitu. Akichekeshwa, kihenge kinatikisika. Hakuna mtu aliyemwomba Baba Bwire afanye hivyo. Kwa jambo hilo nampenda sana.

Jumanne, 4 Novemba
Siku mbaya. Amepita mtu wa Butiama, alikuwa Tanga kwenye mkonge, kambi moja na Mgeta, mdogo wangu. Amemwacha kitandani. Homa, hajitambui. Wengine wa kambi ile wameshazikwa.

Kabla hajazidiwa Mgeta alimwambia: hajui tumehamishiwa wapi. Barua zake zote zinakwenda kijiji ambacho hakipo tena. Kwa hiyo akipona atatuma kadi ya salamu redioni, isomwe Jumapili mchana, tutasikia popote tulipo.

Mama hakulia. Aliuliza tu Jumapili ni lini. Anajua ni lini.

Jumapili, 9 Novemba
Majina. Majina tu. Watu wa Songea, watu wa Kigoma, watu wa Mpwapwa, wote wana ndugu wazima. Nimewachukia.

Mgeta hakutajwa. Mama alikaa nyuma ya kihenge mpaka kipindi kikaisha, na taarabu baada yake, na hotuba ya kilimo baada ya taarabu. Kisha akaondoka bila kuaga.

Halafu sauti ya redio inapungua. Mawe ya betri yanakwisha. Duka la kijiji halina mawe. Bunda hakuna.

Jumatano, 12 Novemba
Tumegombana na Baba Bwire. Jumamosi kuna mpira, anautaka. Nikamwambia mawe yaliyobaki ni ya salamu za Mgeta. Akasema, "Redio ya nani hii?" Nikamjibu, "Ya pamba. Na pamba nani aliipalilia?" Akatoka. Mpaka naandika hajarudi, na najua yuko wapi.

Bora tusingeinunua. Kabla yake hatukuwa na cha kugombania.

Mama hali kitu. Anasema ameshiba. Ameshiba nini?

Jumamosi, 15 Novemba
Nimeshangaa. Wanaume wamekuja mapema kwa ajili ya mpira, kila mtu na kigoda chake. Baba Bwire akasimama mlangoni akawaambia mashine imeharibika. Amedanganya mchana kweupe, jasho linamtoka. Wamekwenda wananung'unika. Mmoja alimwita mchoyo.

Baadaye akachukua baiskeli akaenda Musoma kutafuta mawe. Musoma! Amerudi mikono mitupu, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa maji ya kuoga na sato wa kukaanga. Sikumwomba msamaha. Sato alikuwa mkubwa.

Yale mawe ya zamani nilikuwa nimeyaanika juani juu ya bati tangu asubuhi. Wanasema yanapata nguvu kidogo.

Jumapili, 16 Novemba
Nimetulia sasa, naweza kuandika.

Mvua ilianza tukiwa tunatoka kanisani. Nikafungua redio, sauti ni ya mbu. Ukiwa hatua moja husikii kitu. Lazima sikio liiguse kabisa, na sikio moja tu ndilo linaenea. Dirishani haiwezekani, inalowa. Nyuma ya kihenge ndiyo usiseme.

Nikasema basi nitasikiliza mimi, nitamwambia Mama. Baba Bwire akakataa. "Mwana ni wake. Aingie asikilize mwenyewe. Mimi natoka." Akatoka kweli. Na mvua ile! Akajibanza chini ya upenu wa jiko, uso ukutani, Mama apite asimwone. Watoto nao nikawafukuzia huko huko, wasipige kelele.

Mama akaingia nyumbani mwa mkwe wake kwa mara ya kwanza. Amejifunika kanga mpaka machoni. Hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti sakafuni, akalaza sikio kwenye redio kama anasikiliza tumbo la mja mzito.

Nami nikabaki mlangoni. Sisikii redio, nasikia mvua. Namtazama usoni. Hakuna kitu. Hakuna kitu.

Mara akapiga yowe.

Jamani! Yowe la msiba na yowe la furaha kwa Mama ni moja. Nikamrukia. "Mama, nini? Nini?"

"Mzima! Mgeta mzima! Wamemsoma!" Analia, anacheka, anaipiga redio vikofi kama mtoto aliyefanya vizuri. Ikazimika hapo hapo. Hakujali.

Nikamuuliza amemsalimu nani. "Amenisalimu mimi. Kanitaja jina langu lote, Tanzania nzima imesikia. Amekusalimu wewe. Amewasalimu watoto. Na amemsalimu shemeji yake..." Akakwama. Akafunga mdomo kwa kanga. Jina hawezi kulitamka hata kwa furaha. Akaelekeza kidevu kule jikoni. "Na yule. Yule anayelowana."

Kutoka upenuni nikasikia Baba Bwire amepasuka kicheko. "Amenitaja! Wanangu, baba yenu nimetajwa redioni!"

Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 17 Novemba
Tumepanda pamba, udongo umelainika vizuri. Mama amekuja shambani na mbegu zake, upande wake, sisi upande wetu.

Jioni kimya. Redio iko juu ya kabati, nimeifunika kitambaa. Watu hawakuja. Nilidhani Baba Bwire atakwenda kilabuni. Alitoa kigoda nje, akakaa karibu na kihenge, mgongo ameuegemeza. Mama alikuwa upande wa pili anapepeta mtama.

Baba Bwire akamwambia kuku, kwa sauti, kwamba mvua ya jana ilikuwa nzuri. Mama akamjibu kuku yule yule kwamba ikiendelea hivi pamba itaota yote. Kuku akaulizwa Tanga ni mbali kiasi gani. Akaelezwa.

Nikaketi kizingitini nikawasikiliza. Ugali haukuungua.